Wajina na somo

Ukiita "Komba!" pale Tingi, barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, huenda wakaitika zaidi ya mmoja. Wenye jina moja huitwa wajina. Kwa mfano, Askofu Mkuu James Joseph Komba aliongoza Kanisa Katoliki Songea. Kapteni John Komba, mwimbaji na kiongozi wa Tanzania One Theatre, alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Mmoja altareni, mwingine jukwaani.

Somo ana uzito zaidi: mjukuu aliyepewa jina la babu huitwa na babu huyo "somo yangu", na heshima hufuata. Kwa hiyo, waandishi wenzangu, "Komba" peke yake haitoshi. Tuandike majina kamili, kila mmoja apate haki yake.