Urais wa Zanzibar: Desturi Iliyotangulia Katiba

Zanzibar ilipata Rais kabla ya kupata katiba ya kudumu. Kuanzia 1964 Sheikh Abeid Amani Karume alitawala kwa amri za Baraza la Mapinduzi, pasi na uchaguzi, hadi alipouawa Kisiwandui, si mbali na Jang'ombe, tarehe 7 Aprili 1972. Mrithi wake, Aboud Jumbe, aliongoza kutungwa kwa Katiba ya 1979, akapigiwa kura na wananchi mwaka 1980. Alipojiuzulu Januari 1984 ilidhihirika kwamba Rais aweza kuacha kiti akiwa hai. Katiba ya 1984, chini ya Ali Hassan Mwinyi, ililipa Baraza kazi ya kumshauri Rais. Hata hivyo cheo kimesalia: Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Lugha imehifadhi asili ya mamlaka ambayo sheria imekwisha kuyawekea mipaka.