Udhibiti wa mwendo wa treni za mfano

Udhibiti wa mwendo wa treni za mfano ni mbinu za kuongoza kasi na uelekeo wa vichwa vidogo vya treni kwa kubadili umeme unaofika kwenye mota. Katika vipimo vya HO (1:87) na OO (1:76), ambavyo reli zake huachana kwa milimita 16.5, mota nyingi ni za mkondo mnyoofu wa volti 12. Magurudumu huchukua umeme kutoka relini. Chanya na hasi zikibadilishana reli, treni hurudi nyuma.

Msingi

Mota inayozunguka huzalisha volti yake yenyewe, inayopinga ile ya reli. Kasi hutulia pale tofauti ya volti hizo inapotosha kusukuma mkondo wa kuvuta mzigo. Kwa kifupi, volti huamua kasi, mzigo huamua mkondo.

Kipinga

Vidhibiti vya zamani viliweka kipinga cha kurekebishwa kati ya transfoma na reli. Kasoro yake ni kwamba volti inayopotea ndani ya kipinga huongezeka kadiri mkondo unavyoongezeka. Kichwa kikikwama huvuta mkondo mkubwa na kubakiwa na volti chache. Kikinasuka, mkondo hushuka, volti hupanda na treni huruka mbele. Vidhibiti vya transista vilipunguza tatizo hilo kwa kushikilia volti isiyumbe.

Mapigo

Njia nyingine ni kutuma volti kamili kwa mapigo mafupi na kubadili urefu wa kila pigo. Pigo lenye nguvu hushinda msuguano, hivyo treni huweza kutambaa polepole sana. Mapigo ya polepole, kama 100 kwa sekunde, huitetemesha mota na kuipasha joto, jambo la hatari kwa mota zisizo na kiini cha chuma. Yakizidi 16,000 kwa sekunde, mlio wake kwa kawaida hausikiki. Kati ya mapigo, kidhibiti huweza kupima volti ya mota yenyewe na kuongeza nguvu treni inapopanda mlima.

Mfumo wa kidijitali

Katika mfumo wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kusanifishwa na chama cha NMRA cha Marekani miaka ya 1990, reli huwa na umeme wakati wote. Dikoda ndani ya kichwa hupokea amri zenye anwani yake na kuendesha mota kwa mapigo, kwa ngazi za kasi 14, 28 au 128. Mtumiaji huweka volti ya kuanzia katika kigezo cha dikoda kiitwacho CV2, ya juu kabisa katika CV5 na ya katikati katika CV6, ili vichwa viwili vinavyovuta pamoja visisukumane.

Dayodi

Pasipo dikoda, kichwa chenye mbio hupunguzwa kasi kwa dayodi zilizofungwa kwa jozi zinazoelekeana kinyume, ili umeme upite pande zote mbili. Kila jozi hupunguza takriban volti 0.7, na tofauti na kipinga, kiasi hicho hakibadiliki sana mzigo unapoongezeka.