Namba tasa: hazigawanyiki, lakini huzaa

Mwanafunzi wa Lubumbashi hukutana nazo kwa Kifaransa: nombres premiers. Neno premier analijua kwa maana ya kila siku, "wa kwanza", kwa hiyo si ajabu akiianza orodha na 1. Kumbe 1 haimo kabisa. Vitabu vya shule vya Kiswahili huziita namba tasa: namba nzima kubwa kuliko 1 zenye vigawo viwili tu, yaani 1 na namba yenyewe.

Chukua msimbo wa simu wa nchi yetu, 243. Jumlisha tarakimu zake, unapata 9, basi 3 inaigawanya: unapata 81, kisha 27, 9, 3, na mwisho 1. Sasa piga Bujumbura, 257. Ijaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kila mara kuna baki. Ishia hapo, maana 17 mara 17 ni 289, imeshaipita 257. Kama ingekuwa na kigawo kikubwa zaidi, mwenzake mdogo tungekuwa tumeshamwona. 257 ni tasa.

Tasa ni kiumbe asiyezaa. Jina hilo linafaa tunapogawanya, lakini tukizidisha mambo yanageuka: kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama imezaliwa na namba tasa, tena kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. 243 haina mzazi ila 3. Hapa Kifaransa kimeona jambo ambalo Kiswahili kimeliacha, kwamba hizi ndizo za mwanzo. Hata hivyo naitetea istilahi yetu, kwa kuwa inamwonyesha mwanafunzi la kufanya: gawanya, uone.

Wapo wanaodai kwamba namba tasa zilijulikana kwetu tangu kale, wakitaja mfupa wenye chale wa Ishango, uliochimbuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 karibu na Ziwa Edward. Safu moja ina chale 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ni hazina ya Kongo, lakini chale peke yake hazithibitishi kwamba mchongaji alijua kugawanya, na bila kugawanya hakuna utasa.

Mwaka 1772 mwanahisabati Euler alithibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa: ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Oktoba 2024 ilitangazwa namba ya ukoo huohuo aliyoigundua Luke Durant, yenye kipeo 136,279,841 na tarakimu 41,024,320. Kipeo chenyewe ni tasa, na lazima kiwe hivyo: kikigawanyika, namba inayotokana nacho nayo hugawanyika. Ukubwa huo hauhitajiki katika kazi za kila siku. Ufunguo unaoficha ujumbe wako wa WhatsApp hutegemea namba tasa ya tarakimu 77 tu, 2 kwa kipeo cha 255, kutoa 19.

Walimu wa Lubumbashi, mkiandika nombre premier ubaoni, andikeni namba tasa kando yake. Kisha mpeni mtoto 251, msimbo wa Ethiopia, aipime mwenyewe.