Wembe, Siagi na Relaksa: Historia ya Ngozi ya Kichwa Kampala

Ngozi ya kichwa ikikauka na kuanza kuwasha, nyumba nyingi za Kampala hukimbilia kopo la mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Desturi hiyo ni kongwe kuliko mji wenyewe, na ilipoanza ilikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa ilianzia kwenye vichwa vilivyonyolewa. Tangu hapo nywele zimeachwa zikue, zimenyooshwa kwa dawa kali, zimesukwa pamoja na nyuzi za plastiki. Mafuta yamebaki palepale, yakitegemewa kutibu maradhi ambayo mengine hustawi kwa mafuta hayohayo.

Februari 1862, Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa na Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, katika ikulu ya Banda, mahali ambapo sasa ni kitongoji cha Kampala. Alimkuta kijana mwenye nywele fupi kabisa, isipokuwa ukanda mmoja uliochanwa ukasimama juu, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, mfano wa ushungi wa jogoo. Ushungi ulikuwa wa kabaka. Raia wake, wanaume kwa wanawake, walizoea kunyoa kwa wembe wa chuma uliofuliwa na wahunzi wa huko, na nywele zilizoachwa zikue zilikuwa dalili ya msiba: wafiwa hawakunyoa mpaka siku ya kuhitimisha matanga, shughuli ambayo Waganda huiita okwabya olumbe.

Baada ya kuoga, mwenye uwezo alijipaka omuzigo, siagi ya maziwa ya ng'ombe. Neno hilo sasa limepanuka hadi kubeba mafuta ya aina zote ya kupaka na ya kupikia. Huko Ankole, Wahima wafugaji walijulikana kwa miili iliyong'aa kwa siagi. Kaskazini, kwa Walango na Waacholi, kazi hiyo ilifanywa na mafuta ya mti wa shea. Mtoto mchanga wa Kiganda alikuwa na maji yake maalumu, kyogero, yaliyochemshwa kwa mitishamba kama bombo na olweza, na bado wauzaji wa mitishamba katika masoko ya Kampala wanafunga mafungu ya kyogero kwa ajili ya wazazi wapya. Inaaminika kwamba humpa mtoto ngozi nzuri na bahati. Watoto wengi wachanga huota magamba manene ya njano utosini, ambayo hulainika yakipakwa mafuta lakini pia huisha yenyewe katika miezi michache. Hapo siagi ilipata sifa ambayo, kwa haki, nusu yake ilikuwa ya kalenda.

Sababu ya siagi kufaa enzi hizo haikujulikana mpaka wataalamu wa Ulaya walipoanza kutazama magamba ya kichwa kwa darubini. Mwaka 1874 Louis-Charles Malassez wa Paris alieleza chembe ndogo za kuvu alizoziona kwenye mba, na ndiye aliyerithiwa jina: kuvu hiyo huitwa Malassezia. Huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima bila kumsumbua. Uchunguzi wa jeni zake uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha lililokuwa likijulikana maabara: Malassezia haina uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta, hivyo hula mafuta ya mwenye kichwa. Huyavunja, hunyonya sehemu inayoitaka na kuacha nyingine, hasa asidi ya oleiki. Watu ambao ngozi yao haiivumilii asidi hiyo hupata uwekundu, muwasho, na seli za ngozi kubanduka mapema katika vipande vinavyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo mba.

Ukavu wa kawaida ni kitu kingine. Mtu mwenye kichwa kikavu hutoa unga mwembamba, mweupe, unaopeperuka, na mara nyingi miundi na mikono yake pia imepauka. Kampala hali hiyo huzidi katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na tena Juni na Julai, vumbi jekundu linapotanda. Mba hutoa magamba makubwa zaidi, ya njano kidogo, yenye mafutamafuta, na haikai kichwani tu: hushuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Ukavu hupoa kwa mafuta. Mba hulishwa nayo. Kichwa kinachonyolewa kila mara na kuoshwa mpaka ngozini hakiachi mafuta yakae siku nyingi, kwa hiyo Mganda wa wakati wa Mutesa aliweza kujipaka siagi bila kulipia gharama yake.

Wamisionari walipoanzisha shule kuzunguka Mengo, makao ya kabaka, hawakuubadilisha wembe, waliufanya sheria. Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, na tangu hapo hadi leo shule nyingi za Uganda humtaka mwanafunzi, msichana kwa mvulana, awe na nywele fupi. Wazazi wengi huichukia kanuni hiyo, na wana hoja, hasa wanapoona watoto wa Kihindi na wa Kizungu wakiruhusiwa kubaki na zao. Kiafya, hata hivyo, bweni lenye vitanda vilivyobanana lina maadui wawili wa kichwa, chawa na mapunye, na wote wawili huonekana upesi kwenye kichwa kilichonyolewa. Tatizo lilikuwa wembe au mashine moja kupita vichwa mia bila kusafishwa. Kinyozi wa shule aliyekuja kuzuia mapunye mara nyingi ndiye aliyeyasambaza.

Mapunye husababishwa na kuvu ya jamii nyingine, inayoingia ndani ya unywele na kushuka hadi shinani. Huacha mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zikiwa zimekatika. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dakta Albert Cook mwaka 1897, na Mulago, iliyoanza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, zilifanya kazi katika zama ambazo dawa za mapunye zilikuwa hasa za kupaka. Dawa ya rangi ya zambarau, ambayo kizazi kizima kinaikumbuka kwa vichwa vya watoto vilivyopakwa madoa, ilipendwa. Vivyo hivyo marhamu ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki uliobuniwa London mwanzoni mwa karne ya 20. Vyote viwili hufanya kazi juu ya ngozi tu. Havifiki shinani, na ndiyo maana mtoto aliyetibiwa mwezi mzima alirudi na baka lilelile muhula uliofuata. Griseofulvini, iliyogunduliwa mwaka 1939 na kuanza kumezwa na wagonjwa mwaka 1958, ndiyo iliyobadilisha hesabu: kidonge hupita kwenye damu na kuingia katika unywele unapoota. Lazima imezwe wiki sita hadi nane. Wazazi wengi huacha baka linapofifia, wiki ya tatu hivi.

Shule na maduka vilikuja pia na sabuni na Vaseline. Sabuni ya mche, ya kufulia, ikawa sabuni ya kila kitu, kichwa kikiwemo. Ni kali mno kwa kazi hiyo, kwani ngozi ina uasidi kidogo na sabuni ya mche iko upande wa pili kabisa. Huondoa mafuta ya asili na kuacha ngozi ikivuta. Kwa hiyo baada ya sabuni lazima mafuta. Vaseline, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1872, ilichukua nafasi ya siagi kwa sababu haichachi wala hainuki. Ina sifa nyingine ambayo haikusudiwa: imetokana na mafuta ya petroli, na Malassezia haiwezi kuila. Madhara yake ni mengine. Hufunga jasho, vumbi na magamba pamoja mpaka vinakuwa utando, na anayekuna utando huo huona nafuu ya dakika tano.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931 na kuzishusha bei za vitu hivyo, na kwa miaka arobaini hakuna aliyefikiria kwamba vinaweza kukosekana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na pamoja nao wakaenda wenye viwanda na wenye maduka. Sabuni ikawa bidhaa ya magendo, ya kupangiwa foleni, wakati mwingine ya kugawiwa kwa kibali. Serikali hiyohiyo ilipiga marufuku sketi fupi na baadaye mawigi. Kati ya ukosefu wa sabuni na amri za mavazi, nywele fupi zilikuwa uamuzi wa busara.

Mapinduzi ya saluni yalikuja mara tu bidhaa zilipoanza kurudi, katika miaka ya 1980. Chanuo la chuma linalopashwa moto lilikuwa limetangulia. Sasa zikaja kalikiti, yenye mawimbi yaliyolowa na kuchafua mito na kola, na relaksa. Relaksa za nguvu huundwa kwa magadi makali, sodiamu haidroksaidi, kemikali inayotumika pia kuzibua mabomba. Huvunja viungo vya protini ndani ya unywele ili unyooke, na haitofautishi kati ya unywele na ngozi. Mwaka 1997 kampuni ya Movit ilianzishwa Kampala na baadaye kujenga kiwanda chake Zana, kwenye barabara ya Entebbe. Relaksa na mafuta yake ya nywele sasa huvuka mipaka hadi Kongo, Rwanda na Sudan Kusini. Dawa iliyokuwa ya matajiri ikawa ya kila mtaa.

Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, saluni zimepangana ukuta kwa ukuta, na utaratibu wa kupaka relaksa haujabadilika sana. Msusi humuuliza mteja kama amejikuna siku hiyo, kwa sababu mkwaruzo wowote utawaka dawa ikigusa. Hupaka Vaseline kwenye mstari wa nywele na juu ya masikio, huvaa glovu, hugawa nywele kwa mkia wa chanuo na kupaka kuanzia nyuma. Mteja anaposema inachoma, huambiwa avumilie kidogo ishike. Kisha huoshwa kwa shampuu ambayo povu lake hugeuka waridi palipobaki dawa, na kuwa jeupe pakitakata. Uvumilivu huo ndio chanzo cha vichwa vingi vinavyowasha: siku tatu baadaye vigaga vya kuungua hubanduka, mwenyewe hudhani ni mba, na hupaka mafuta.

Miaka hiyohiyo muwasho ulipata maana nyingine kabisa. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza walieleza katika jarida la The Lancet kwamba ugonjwa ulioitwa Slim, uliokuwa ukimaliza watu wilayani Rakai na Masaka, ulihusiana na virusi vya Ukimwi. Muwasho wa ngozi mwili mzima uliwekwa mwaka huohuo kati ya dalili ndogo ambazo Shirika la Afya Duniani lilitumia kuutambua pasipo maabara. Kinga inaposhuka, mba hulipuka kwa ukali usio wa kawaida, ikiteremka usoni na kifuani. Watu wakajifunza kusomana vipaji vya uso. Kofia na vitambaa vilificha mba ya kawaida kwa hofu ya kusingiziwa, na wagonjwa walioihitaji kliniki walikaa nyumbani. Hofu hiyo ilipungua baada ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure mwaka 2004, kwa kuwa kinga ikipanda mba hutulia. Urithi mzuri wa kipindi hicho uko kwa vinyozi: mashine husafishwa mbele ya mteja, na wembe hutumika mara moja. Baya lake ni spiriti. Kupanguswa kichwa kizima kwa spiriti kila baada ya wiki mbili hukausha ngozi kuliko kiangazi chochote.

Siku hizi wengi wanasuka. Mistari inayolala kichwani huitwa biswahili mjini Kampala, na rasta za kuongeza hukaa hata miezi miwili. Nyuzi mpya za plastiki zina kemikali ya kiwandani inayowasha, ndiyo maana baadhi ya wasusi huziloweka kwanza katika maji yenye siki. Ngozi iliyovutwa kwa nguvu huota vipele na, kwa miaka, nywele za pembeni hunyonyoka zisirudi. Ndani ya teksi za Kampala si ajabu kuona abiria akijipiga kichwa kwa kiganja, pigo dogo dogo. Kucha haziwezi kupita.

Waliorudia nywele za asili tangu miaka ya 2010 wameirudisha shea ya kaskazini. Shea ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa wingi wa asidi ya oleiki, ileile inayowakera wenye mba, kwa hivyo hufaa nywele na mikono kuliko ngozi ya kichwa yenye magamba. Mti wenyewe umekuwa ukikatwa kwa mkaa, na mkaa huo huishia kwenye majiko ya Kampala. Amri ya rais ya mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini.

Tiba ya mba sasa ni shampuu yenye ketokonazoli, inayopatikana katika maduka ya dawa. Inatakiwa iguse ngozi, ikae dakika tano, kisha ioshwe. Nywele za kipilipili hazihitaji zaidi ya mara moja kwa wiki, na mafuta ya kulainisha hupakwa kwenye nywele, si kwenye ngozi. Aliyesuka huichanganya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba na kuipitisha kati ya mistari. Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayovuka mstari wa nywele huenda yakawa soriasisi, na mabaka ya mtoto yanahitaji vidonge. Yote mawili ni ya kupelekwa kwa mtaalamu. Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kimekuwa kikiwafunza maafisa tabibu wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika kazi hiyo. Kabla ya kuandika dawa, mtaalamu huuliza mgonjwa amepaka nini na kwa muda gani, kisha humwomba aache mafuta yote kwa wiki mbili hivi ili ngozi ionekane ilivyo.