Waandishi wa Usiku: Vijana wa Nairobi Waliowasomea Wazungu

Saa tatu usiku Nairobi ni saa saba mchana kule New York, au saa nane, kutegemea majira yao. Kwa kama miaka kumi na tano hesabu hiyo ndiyo iliyoendesha maisha ya maelfu ya vijana wa Kahawa Wendani, Juja, Roysambu na Ruaka. Mtaa ukilala, wao ndio wanachemsha chai, wanafungua laptopu na kuanza kuandika insha ya muuguzi wa Texas au ripoti ya mwanafunzi wa biashara wa Manchester. Asubuhi majirani wakitoka kazini, wao wanalala. Mama wa nyumba ya chini anaamini kabisa kwamba kijana wa juu ni mwizi. Kulala mchana, kulipa kodi kwa wakati, na hakuna anayejua anafanya kazi wapi!

Lakini hadithi haianzii hapo. Inaanzia saiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ya Kenya ilitoka angani. Ujumbe ulipanda hadi setilaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000, ukashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana ukipigia simu ndugu yako kwa kompyuta, unasema "halo", unangoja, halafu mnaongea wote kwa pamoja. Laini ya megabiti moja ilikula maelfu ya dola kwa mwezi, kwa hiyo saiba nzima ya kompyuta kumi iligawana kauzi kembamba, na mteja alilipa kwa dakika. Hata bei iliposhuka hadi bob moja kwa dakika, nusu ya hizo dakika uliangalia ukurasa ukifunguka polepole kutoka juu kama pazia. Waliojaribu kazi za mtandaoni wakati huo waliandika kwanza kwenye karatasi au kwenye kompyuta ya rafiki, wakabeba kazi kwenye flashi, kisha wakakimbia saiba kuituma kabla pesa ya dakika haijaisha.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Juni kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu. Julai SEACOM ikawashwa. Mwaka uliofuata EASSy nayo ikaingia. Pwani ambayo majahazi yake yalijuana na Ghuba kwa karne nyingi ikapata faiba kupitia njia ile ile ya zamani, na bei ya intaneti ikaanza kuteremka. M-Pesa ilikuwepo tayari tangu 2007. Vyuo vilikuwa vinatoa wahitimu ambao Kiingereza chao ni safi na ambao hakuna aliyewaita kazini. Vikutanishe vitu hivyo vitatu, kisha upande wa pili uweke wanafunzi wa Marekani na Uingereza wenye pesa na wasio na hamu ya kuandika. Biashara ikajizaa yenyewe.

Miundombinu haikutengemaa kwa usiku mmoja, usidanganyike. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali isipotakiwa nje ya Mombasa ilikata TEAMS, na intaneti ikarudi kutambaa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma ya kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Kazi zilizotakiwa kufika jioni hiyo ni suala jingine. Hebu mwambie mteja wa Ohio kwamba insha yake imechelewa kwa sababu ya tumbili, uone kama atakuamini. Ndiyo maana mwandishi aliyekomaa alikuwa na betri ya ziada, modemu za kampuni mbili tofauti, na rafiki anayeishi upande mwingine wa mji ambaye stima yake hupotea siku tofauti.

Hata hivyo, waliofanya kazi hiyo wakiulizwa ni nini kiliwabana zaidi, wengi hawataji waya wala stima. Wanataja akaunti.

Tovuti za kuandikia insha zilikuwa na mlango mwembamba. Baadhi ziliacha kabisa kupokea Wakenya wapya, nyingine zilitaka mtihani, na nyingine zilitaka uonekane uko Marekani. Aliyeingia mapema akawa na mali. Akaunti yenye nyota nyingi ilipata kazi nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuandika, kwa hiyo mwenyewe aliacha kuandika na kuanza kugawa. Akaunti zikauzwa kwenye makundi ya Facebook kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na zile nzuri zikapita laki. Nyingine zilikodishwa kama matatu: wewe endesha, jioni leta hesabu. Nyingi zilikuwa na jina la Kizungu na picha ya mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Sasa piga hesabu. Mwanafunzi alilipa dola 15 au zaidi kwa ukurasa mmoja wa maneno 275. Tovuti ikakata yake, mwenye akaunti akakata yake, na kijana aliyekesha akabaki na shilingi 300, labda 350. Kurasa kumi kwa usiku, 3,000. Mteja asiporidhika, unarudia bure. Mwenye akaunti akizima simu siku ya malipo, utamshtaki wapi, na kwa mkataba gani?

Kupokea pesa nako kulikuwa na foleni yake. Dola zilikaa PayPal, na mwandishi alikaa Githurai. Kabla ya njia rasmi, kulikuwa na wanunuzi wa dola mtandaoni: unamtumia zako, anakutumia M-Pesa kwa bei aliyopanga yeye, na unaomba Mungu asipotee. Benki ya Equity ilipofungua njia ya kutoa pesa za PayPal mwanzoni mwa miaka ya 2010, hofu ya kuibiwa ilipungua lakini kungoja kulibaki. PayPal na M-Pesa ziliunganishwa moja kwa moja 2018, miaka tisa baada ya kebo. Intaneti ilisifiwa kwamba itamfuta dalali. Kwenye biashara hii ilimzalisha.

Na je, ilikuwa haki? Kuandika insha ya mtu halafu yeye apewe digrii ni udanganyifu, na waandishi wenyewe walijua. Wengi hawakuwaambia wazazi wao kazi halisi. Walisema tu "niko mtandaoni". Ila ni hao hao waliokesha wakisoma falsafa, uuguzi na sheria za nchi wasizowahi kukanyaga, wakalipia karo za wadogo zao na kununua shamba nyumbani. Waliokuwa na uwezo wa kupata alama ya juu chuo kikuu cha ng'ambo walikuwa wanaipata kila wiki, kwa jina la mwingine. Msimu wa Juni hadi Agosti, vyuo vya Marekani vikifungwa, njaa iliingia Wendani.

Mwaka 2022 sheria mpya ya Uingereza ilifanya biashara ya kuuza insha kwa wanafunzi wa England kuwa kosa. Hilo halikuwaua. Novemba 30 mwaka huo ikatoka ChatGPT, na kazi zikaanza kukauka mwezi hadi mwezi. Akaunti zilizouzwa kwa laki zikakosa mnunuzi.

Jambo chungu ni kwamba mashine hiyo ilikuwa imepita Nairobi kabla. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa mji huu walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa kila aina, ili ChatGPT ifundishwe kuutambua. Baadhi ya waandishi walihamia huko huko, kwenye kazi ndogondogo za kufundisha mashine: kuchora mistari kuzunguka magari kwenye picha, kupanga majibu kwa ubora. Machi 2024 mojawapo ya majukwaa hayo, Remotasks, lilifunga mlango kwa Wakenya ghafla, na waliokuwa wanalitegemea wakajikuta nje. Miezi miwili baadaye, Mei, EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Wendani safari hii hakukuwa na insha nyingi za kuchelewesha.