Baridi Igeuzayo Dira ya Kipepeo

Huenda umepata kusikia, ewe msomaji, habari za kipepeo wa Amerika ya Kaskazini aitwaye monaki. Uzito wake haufiki gramu moja, lakini kila mwaka, majani yanapopukutika, huruka kutoka Kanada hadi milima ya Meksiko. Profesa Fred Urquhart wa Toronto na mkewe Norah walitafuta mahali hapo kwa karibu miaka 40, wakibandika vikaratasi mabawani mwa vipepeo, mpaka wasaidizi wao, Ken Brugger na Catalina Aguado, walipopafikia Januari 1975. (Wenyeji wa milima hiyo, bila shaka, walikuwa wakiwaona tangu zamani.)

Likabaki swali gumu zaidi: ni nini kiwaambiacho, mwezi wa Machi, kwamba wakati wa kurudi kaskazini umewadia? Mwaka 2013 Patrick Guerra na Steven Reppert waliwachukua monaki waliokuwa wakielekea kusini, wakawaweka katika baridi kwa siku 24. Walipowajaribu, wakaelekea kaskazini! Wenzao walionyimwa baridi walishika njia ile ile ya kusini hata Machi ilipofika.

Wakirudi, wengi huishia Texas na majimbo ya jirani, hutaga mayai juu ya mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, kisha hufa. Watoto na wajukuu ndio wafikao Kanada. Wakiwahi kabla mmea haujachipua, viwavi hukosa chakula. Na milima ikikosa baridi, dira yao haina wa kuigeuza.