Ile bandi waliifuta: vijana wa Likasi, vijana wa Kitwe



Nilipokuwa naandika TFC yangu katika idara ya Historia, juu ya starehe za vijana katika kambi za wafanyakazi wa migodi, nilikuwa na sura moja niliyoipenda kuliko zote. Ilihusu orkestra ya vijana wa Likasi waliopiga rock mwanzoni mwa miaka ya 1970, na gitaa za umeme, nywele za kufuga, suruali pana chini. Mpiga besi alikuwa baba mukubwa wangu. Direkta wangu alisoma ile sura, akanirudishia karatasi. Pembeni ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Chanzo?"

Chanzo kilikuwa baba mukubwa mwenyewe, kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya nyumba. Picha hakuna. Diski hakuna. Gazeti hakuna. Sura ikaondoka na TFC ikapita bila hiyo.

Nilimrudia na hasira kidogo, kama vile kosa ni lake.

"Bandi tulikuwaka nayo," aliniambia. "Tuliingizaka nyimbo ine, usiku moja, mu sale ya kambi. Mwenye mashine njo alibakia na bandi. Kisha akaingiza ndoa ya mutoto wake juu yake. Bandi ilikuwa bei sana, mutoto. Ungefanya je?"

Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi: bandi ya sumaku inaandikwa juu ya yale yaliyoandikwa. Unapoingiza ndoa, orkestra inafutika palepale, hakuna pa kwenda kuitafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa maketi yao, ya kwanza na ya mwisho.

Sasa twende ng'ambo ya mpaka, ju jibu la direkta wangu nililipata kule. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Ukivuka unapita Chililabombwe, unapita Chingola, unafika Kitwe. Mshipa wa shaba ni mmoja, Kibemba ni kimoja, shangazi zetu wengine wameolewa kule. Katika miaka ileile ya baba mukubwa, vijana wa Kitwe nao walikuwa na orkestra ya rock. Iliitwa WITCH, herufi za maneno ya Kiingereza yanayosema "tunakusudia kuleta fujo". Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, mzaliwa wa Kasama aliyekulia Kitwe. Watu walimwita Jagari, yaani Mick Jagger wa Rolling Stones aliyepitishwa katika mdomo wa Kibemba. Gitaa la kwanza alishika Chris Mbewe, la pili John Muma, besi Gedeon Mwamulenga, ngoma Boidi Sinkala. Baadaye akaja Paul Mumba na kinanda.

Kati ya 1972 na 1973 vijana hawa walifanya jambo moja. Zambia wakati huo haikuwa na nyumba ya kurekodi muziki kama zile za Kinshasa au Nairobi. Wakaingia katika studio ya filamu iliyoitwa Malachite. (Malakiti ni lile jiwe la kijani tunalouzia wageni huku Lubumbashi. Nilicheka nilipolisoma jina hilo: hata huko, shaba haituachi.) Mashine ilikuwa ya treki mbili. Mwanamuziki wa leo anarekodi ngoma leo, sauti kesho, akikosea anarudia kipande kile tu. Kwa treki mbili hakuna kurudia kipande. Wote wanapiga pamoja, mmoja akiteleza, ama mnaanza upya ama mnaacha kosa libaki. Ukisikiliza diski ile, makosa yapo. Gitaa linachakaza, sauti inakuwa mbali halafu karibu. Mimi nayapenda yale makosa kuliko nyimbo zenyewe, karibu.

Diski waliiita Introduction, yaani utangulizi. Ikapelekwa kuchapwa Nairobi. Hazikuwa nyingi, mamia machache tu, na waliziuza wenyewe kwa mkono palipokuwa na konseri. Unacheza, unatoka jasho, unashuka jukwaani na kuuza. Ile diski inahesabiwa kati ya albamu za kwanza kabisa kutolewa na orkestra ya Zambia. Nyuma yake ikaja In the Past mwaka 1974, Lazy Bones!! 1975, na nyingine. Orkestra zingine nazo zikaamka: Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family. Muziki wote huo ukapewa jina moja, Zamrock.

Kuna maelezo rahisi ambayo wenzangu wa idara wanayapenda, nami niliyaandika pia wakati fulani. Yanasema siasa ndiyo iliamua. Kaunda alitaka redio ya Zambia ipige muziki wa Wazambia kwa sehemu kubwa kabisa, hivyo vijana wake wakapata mlango. Kwetu Mobutu alileta "recours à l'authenticité", nchi ikawa Zaire Oktoba 1971, majina ya ubatizo yakakatazwa 1972, na vijana wenye kuimba Kiingereza na kujiita majina ya wazungu walionekana kama wamepotea. Tena pesa na studio vyote vilikuwa Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kutoka Likasi. Haya yote ni kweli. Lakini mimi hayanitoshi. Kaunda na Mobutu walikuwa wanatafuta kitu karibu kimoja, utamaduni wa nyumbani usiotegemea mzungu, na WITCH ya mwanzo iliimba Kiingereza vilevile. Redio inaweza kukupigia leo na kukusahau kesho kutwa.

Tofauti ninayoiona ni ndogo na inaumiza zaidi. Orkestra ya baba mukubwa ilikuwa na nakala moja, mkononi mwa mtu mmoja mwenye mtoto wa kuozesha. WITCH ilikuwa na nakala mamia, katika nyumba za watu wasiowajua. Mmoja alipoteza yake, mwingine akakalia yake, wa tatu akaitumia kama sinia, sijui. Ilitosha moja kubaki ndani ya kabati mahali fulani.

Ilihitaji kubaki, ju yaliyofuata yalikuwa mabaya. Bei ya shaba ilianguka kuanzia 1975, na nchi inayoishi kwa shaba ikaanguka nayo. Nani angenunua gitaa? Mwaka 1978 ndege za Rhodesia zilipiga mabomu karibu na Lusaka, usiku ukaanza kuogopwa, na orkestra bila usiku ni nini? Vijana wakahamia disko na kalindula. Kisha Ukimwi ukapita ndani ya Zamrock kama moto ndani ya nyasi. Katika wale sita niliowataja, amebaki Chanda peke yake. Alisomea muziki akawa mwalimu, kisha akaingia machimboni kutafuta vito. Mwimbaji wa rock akawa mchimbaji. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufafanuliwa hilo, kila familia yetu ina mtu wa namna hiyo.

Halafu wakusanyaji wa diski wa Ulaya na Marekani wakaanza kutafuta zile nakala chache na kulipana mamia ya dola kwa moja. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa albamu za WITCH za miaka ya 1970 katika sanduku moja. Chanda, mzee tayari, akaitwa kuimba Ulaya, akaitwa Marekani. Mwaka 2019 ikatoka filamu juu yake, na 2023 albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Niliwahi kujiuliza kama ni haki kwamba utajiri huu ulipitia kwanza mikono ya wageni. Bado sina amani na jambo hilo. Lakini wageni hao walikuta kitu cha kuokota.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilirudi Likasi. Nilimwekea baba mukubwa nyimbo za Introduction kwenye simu. Alisikiliza kichwa chini, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya goti kama vinatafuta nyuzi.

"Besi iko chini sana," akasema. "Walimuficha ule kijana."

Nikamuuliza kama anakumbuka wimbo mmoja, hata mmoja, kati ya zile nne za bandi. Akasema hapana. Kisha, wakati nimeshakata tamaa na mvua imeanza kupiga mabati, akaanza kuimba polepole. Nilibonyeza simu haraka. Ubeti wa kwanza aliutoa wote. Wa pili ulimkimbia katikati, akaendelea kwa mdomo akiiga besi, dum, dum, mpaka mwisho. Jogoo anasikika. Mama mukubwa anasikika akiuliza nani anaimba.

Ni dakika nne na sekunde kidogo. Usiku ule nilimtumia direkta wangu wa zamani, na watu wengine kumi na mmoja.